ULIMWENGU TUNAOUISHI: Ardhi ya Jalidi Inapoyeyuka



Wazee wetu wamesema, nyumba njema si mlango. Mwenye kutaka kununua nyumba hatosheki na nakshi za mlango wala weupe wa chokaa; huzunguka nyuma, akainama, akautazama msingi. Mwezi huu twapenda kuutazama pamoja nanyi msingi wa nchi zilizo mbali sana nasi, nchi za kaskazini ya dunia, ambako ardhi yenyewe iliyobeba misitu, mito, vinamasi na majumba imeanza kulegea. Huenda mtu akauliza, "Sisi wa nchi za jua kali, mambo ya barafu yatuhusu nini?" Twamwomba avute subira atusikilize mpaka mwisho, kisha aamue mwenyewe.

Huko Siberia, Alaska na kaskazini ya Kanada, baridi ya miezi mingi huingia ndani ya ardhi, na joto la kiangazi kifupi haliwezi kuitoa yote. Kiangazi huyeyusha tabaka ya juu tu, pengine nusu mita, pengine mita moja au zaidi kidogo, na humo ndimo majani na miti hupata kutia mizizi. Chini ya tabaka hiyo, udongo, mchanga, mawe na maji vimeshikamana kwa barafu vikawa kitu kimoja kigumu mfano wa saruji. Wataalamu huiita permafrosti. Sisi hapa tutaiita ardhi ya jalidi. Kanuni yao ni kwamba ardhi ikikaa miaka miwili mfululizo au zaidi bila kupanda juu ya nyuzi 0 za sentigredi, basi ni ardhi ya jalidi. Walakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo haikuganda jana wala juzi; ina maelfu ya miaka katika hali hiyo.

Kisa kimoja chatosha kutuonyesha kina chake. Katika mji wa Yakutsk, Siberia, mwaka 1828, mfanyabiashara mmoja aitwaye Fyodor Shergin aliamrisha kisima kichimbwe ili apate maji. Watu wakachimba mwaka baada ya mwaka, hata ilipofika 1837 walikuwa wamekwisha kuteremka kiasi cha mita 116, na maji hawajayaona. Kote ni ardhi iliyoganda. Kisima kile hakikumnywesha mtu, lakini kiliifaa elimu. Katika miaka ya 1840 mtaalamu Alexander von Middendorff alikwenda akapima joto la ardhi katika vina mbalimbali vya shimo lile, na vipimo vyake vikawa miongoni mwa vya mwanzo kabisa vya namna hiyo. Siku hizi yajulikana kwamba katika baadhi ya sehemu za Siberia jalidi huteremka zaidi ya mita 1,000.

Sasa tuulize: jalidi hiyo yafanya kazi gani? Kazi yake ya kwanza ni kuwa sakafu ya maji. Tuuchukue mji wa Inuvik, ulio kaskazini ya Kanada. Mvua na theluji yake ya mwaka mzima, ikiyeyushwa ikapimwa, ni kiasi cha milimita 250 tu. Unguja hupata zaidi ya mara tano ya hiyo. Kwa kipimo hicho tungetazamia kuona nchi kavu yenye vumbi. Walakini aitazamaye kutoka angani huona maziwa na vinamasi visivyohesabika. Sababu ni kwamba maji hayana njia ya kuzama. Hukaa juu ya ile sakafu ya barafu kama maji yakaavyo ndani ya birika. Sakafu ikitoboka, kila kitu kilichoitegemea hubadilika: mahali pengine maji hupanda yakagharikisha, na mahali pengine huteremka yakatoweka. Haya mawili yaonekana kuwa kinyume, nayo asili yake ni moja.

Ili tufahamu vizuri, na tuufuate mto mmoja toka juu mpaka baharini. Mto huo ni Mackenzie, ambao Wadene, wenyeji wa huko tangu kale, huuita Deh Cho, maana yake mto mkubwa. Hutoka katika ziwa liitwalo Great Slave Lake ukaenda kilomita 1,738 mpaka ukaingia katika bahari ya Aktiki.

Katika sehemu za juu za mto, karibu na mji mdogo wa Fort Simpson, pana bonde la kijito kiitwacho Scotty Creek. Nchi ya hapo ni ya mboji, yaani mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka pasipo kuoza sawasawa. Palipo na jalidi, barafu iliyomo ndani huinyanyua mboji hiyo ikawa kama jukwaa lililo juu kidogo ya vinamasi vinavyolizunguka, na juu ya majukwaa hayo ndiyo iotayo misonobari. Jalidi ikiyeyuka, jukwaa huzama. Miti huinama huku na huku kama watu waliolewa, kisha mizizi yake huingia majini ikafa. Mahali palipokuwa na msitu huwa kinamasi. Wataalamu waliolinganisha picha zilizopigwa kutoka angani waliona kwamba katika eneo moja la bonde hilo jalidi ilikuwa chini ya asilimia 70 ya ardhi mwaka 1947. Mwaka 2008 ilikuwa imebaki asilimia 43.

Mambo hayakomi hapo. Yale majukwaa yalikuwa pia ni kuta. Yalivitenga vinamasi kimoja kimoja, kila kimoja na maji yake, kama majaruba ya mpunga yatenganishwavyo kwa matuta. Kuta zikiyeyuka, kinamasi hupata njia ya kukifikia chenzake, na hicho cha pili hufika kijitoni. Kwa muda maji ya kijito huongezeka, na mtu asiyejua asili yake angeweza kufurahi akidhani ni neema imezidi. Kumbe ni akiba ya zamani itokayo, na ikiisha kutoka haitarudi kwa urahisi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wadene hawakukaa wakitazama tu. Kituo cha elimu kilichojengwa katika bonde hilo kiliwekwa mwaka 2022 chini ya uongozi wa wenyeji wenyewe, Wadene wa Liidlii Kue. Haukupita muda mwingi, mnamo mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule, moto wa msituni ukakiunguza sehemu yake kubwa. Walakini hawakukata tamaa, wakaanza kukirejesha. Kwao jambo hili si hesabu za vitabuni. Njia ambazo babu zao walipita kwenda kutega na kuwinda, leo mahali pengine hazipitiki, kwa kuwa ardhi iliyokuwa imara sasa ni matope na maji.

Tukiteremka na mto twafika karibu na nyanda za mto Peel, upande wa Fort McPherson, nchi ya Wagwich'in. Huko jalidi ina mapande makubwa ya barafu tupu. Mvua kubwa ikifunua ubavu wa kilima, barafu huyeyuka, udongo ukaporomoka, na kidonda hicho hupanuka kila kiangazi kikimwaga matope mitoni. Mwaka 2015 ziwa dogo lililokuwa juu ya genge la namna hiyo lilivunja ukingo wake likatoka lote kwa muda wa saa chache. Wataalamu walikuwa wamekwisha kutabiri kwamba litatoka, wakaweka vyombo vya kupigia picha, na dunia ikapata kuona ziwa likiondoka mbele ya macho.

Wala si maziwa ya huko peke yake. Katika Siberia walihesabu maziwa makubwa kwa picha za satelaiti, wakaona kwamba yalikuwa 10,882 mwaka 1973, na kufika miaka ya 1997 na 1998 yalikuwa 9,712. Mengine yalipungua, mengine yalikauka kabisa yakaota majani. Lakini upande wa kaskazini zaidi, ambako jalidi imeenea bila kukatika, maziwa yalizidi badala ya kupungua, kwa sababu huko barafu ya juu ndiyo iliyokuwa ikiyeyuka, hali sakafu ya chini haijatoboka. Hili ndilo tulilolisema juu: mafuriko na ukavu ni ndugu wa mama mmoja.

Maji pia hubadilika tabia. Katika milima ya Brooks, huko Alaska, mito iliyokuwa safi kama kioo imegeuka rangi ya machungwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2024 ulitaja mito na vijito 75 vya namna hiyo. Si viwanda vilivyofanya hayo. Ndani ya mawe ya milima ile mna madini yenye salfa, yaliyokuwa yamefungiwa na jalidi yasiguswe na maji wala hewa. Jalidi ilipolegea, maji na hewa vikayafikia, ikatoka asidi, na asidi ikayeyusha chuma na madini mengine yakaingia mitoni. Samaki wanahitaji maji safi, na watu wa vijiji vya huko wanawahitaji samaki. Basi yaliyofichwa chini ya mlima yamefika mpaka katika sufuria ya mpishi.

Na turudi katika mto wetu. Karibu na mwisho wake kuna miji miwili ambayo habari zake zina mafunzo. Mmoja ni Aklavik. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kanada iliona kwamba Aklavik unapatwa na mafuriko, kingo zinaliwa na mto, na ardhi yake ina barafu nyingi mno. Ikachagua mahali pengine ikajenga mji mpya, Inuvik, uliofunguliwa rasmi mwaka 1961. Wengi wakahamia, lakini wengine walikataa. Walisema hapa ndipo kwetu, wakabaki, na Aklavik ingalipo mpaka leo ikiwa na watu mia kadhaa. Na tusiwacheke. Mtu hapimi kwao kwa ugumu wa udongo tu. Pana makaburi ya wazee wake, na pana mto anaoujua kila pinde lake.

Inuvik nao ulijengwa kwa hadhari kubwa. Nyumba zikiwekwa chini juu ya jalidi, joto lake huteremka likaiyeyusha, nyumba ikapinda. Kwa hiyo majengo yake yaliinuliwa juu ya nguzo zilizopigiliwa ndani ya ardhi iliyoganda, ili upepo wa baridi upite chini yake. Mabomba ya maji safi na ya maji machafu hayakufukiwa. Yalipitishwa juu ya ardhi ndani ya masanduku marefu yaliyozuiliwa baridi. Katika mji huu wako Waislamu pia, waliokwenda huko kutafuta riziki. Mwaka 2010 msikiti wao ulijengwa mzima katika mji wa Winnipeg, ukapakiwa juu ya gari, kisha ukatiwa katika tishali ukateremshwa kwa mto huu huu wa Mackenzie, safari ya kiasi cha kilomita 4,000, hata ukafika Inuvik. Leo wanasali humo, katika nchi ambayo jua huweza kukaa majuma kadhaa bila kuchwa, na majuma mengine bila kuchomoza. Ardhi iliyoubeba msikiti wao ni ile ile iliyobeba nyumba za jirani zao, na jambo likiwapata hao linawapata na hawa.

Nguzo zile zilihesabiwa kwa baridi ya zamani, na baridi ya zamani haipo tena. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba tangu 1979 nchi za Aktiki zimezidi joto kwa kadiri inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia nzima. Mafundi wanayo maarifa ya kusaidia, kama mabomba yaliyofungwa yenye hewa ndani yake, ambayo wakati wa kipupwe huvuta joto kutoka ardhini yakalitoa nje bila mashine yo yote. Lakini dawa hiyo ni ya nyumba moja moja. Hapana awezaye kuitia nchi nzima.

Mwisho wa safari ni Tuktoyaktuk, kijiji cha Wainuvialuit kilicho ukingoni mwa bahari. Wazee wake wamezoea kuweka akiba ya nyama na samaki katika mashimo yaliyochimbwa ndani ya jalidi, baridi isiyolipiwa. Ufuko wao umeshikwa na barafu ndani ya udongo. Barafu ikiyeyuka na mawimbi yakija, ufuko humeguka. Mwaka 2020 nyumba kadhaa zilizokuwa ukingoni ziliondolewa zikapelekwa ndani. Wala hapana ahadi kwamba hizo zitakuwa za mwisho.

Nje ya bonde la Mackenzie kuna kijiji kilichohama chote. Kinaitwa Newtok, huko Alaska, kijiji cha Wayupik wapatao 350, ukingoni mwa mto Ninglick. Jalidi ilipolegea mto ukaila ardhi makumi ya futi kila mwaka. Wenyeji walianza kushauriana juu ya kuhama tangu mwaka 1994. Mwaka 2003 wakapata ardhi mpya kwa kubadilishana na serikali. Lakini familia za kwanza hazikuhamia mpaka 2019, na waliobaki wakamalizikia 2024. Hesabuni wenyewe: miaka 30. Mtoto aliyezaliwa siku ya shauri la kwanza alikuwa mtu mzima mwenye watoto siku ya mwisho. Makao yao mapya yaitwa Mertarvik, neno lenye maana ya mahali pa kuteka maji ya chemchemi.

Na jalidi huficha vingine visivyotakiwa kufichuka. Mwaka 2016, katika rasi ya Yamal huko Siberia, kiangazi kilikuwa cha joto la ajabu, ugonjwa wa kimeta ukazuka katika makundi ya kulungu wa kaskazini wafugwao na Wanenets. Tangu 1941 haukuwa umeonekana huko. Wataalamu wengi waliona kwamba vijidudu vyake vilitoka katika ardhi iliyoyeyuka, mlimokuwa na mizoga ya zamani. Chanjo ya wanyama hao nayo ilikuwa imekwisha kuachwa tangu 2007. Kulungu zaidi ya 2,000 walikufa, na mtoto mmoja wa miaka 12 akafariki dunia.

Sasa twarudi kwa yule aliyeuliza yamhusu nini. Katika ardhi yote ya jalidi mna mabaki ya mimea na wanyama yenye kaboni ikadiriwayo kuwa karibu tani bilioni 1,500, yaani kama mara mbili ya iliyomo katika hewa yote ya dunia. Maadamu yameganda, hayaozi. Yakiyeyuka, vijidudu huanza kuyala. Mahali pakavu hutoka hewa ya ukaa. Penye kinamasi hutoka methani, ambayo kwa kuzuia joto ina nguvu kuliko hiyo. Hewa hizo hazijui mipaka. Zikipanda kutoka Siberia huzidisha joto juu ya mashamba ya Kilosa na juu ya bahari ya Lamu, na joto hilo hurudi kaskazini likayeyusha zaidi.

Na sisi nasi tumewekewa amana ya namna hiyo. Katikati ya bonde la mto Kongo mna vinamasi vya mboji ambavyo ramani yake ilitangazwa mwaka 2017, navyo vimekadiriwa kuwa na kaboni tani bilioni 30 hivi. Huko kaskazini mabaki ya mimea yamehifadhiwa na baridi. Kongo yamehifadhiwa na maji. Matope ya mikoko ya Rufiji nayo yana kazi hiyo hiyo. Jalidi hatuwezi kuigandisha kwa mikono yetu, lakini kinamasi twaweza kukiacha bila kukikausha, na mkoko twaweza kuuacha bila kuukata.

Yapasa pia tuseme wazi jambo la haki. Mdene wa Fort Simpson na Myupik wa Newtok hawakuutia moshi wa dunia hii hewani ila kidogo sana, nao ndio walio mstari wa mbele kulipa. Mataifa yaliyotajirika kwa makaa na mafuta yana deni mara mbili: kupunguza moshi wao, na kuwasaidia hao kabla ardhi haijaporomoka, si baada yake. Na msaada huo uanze kwa kuwauliza wenyewe kama wataka kuhama au kubaki, na wapi. Aklavik yatuonyesha kwamba mtu aliyechaguliwa mahali na mwingine huweza kukataa. Newtok yatuonyesha kwamba hata waliotaka kuhama waliachwa wangoje miaka 30, na mto haukuwangoja.

Basi ndugu zetu, jioni mkikaa na watoto, watieni ramani mbele, waonyesheni mto Mackenzie, na waulizeni: maji ya kisima chetu yamekaa juu ya nini? Swali hilo lina jawabu katika kila mtaa, nasi tungefurahi wakilitafuta.

Kwaherini mpaka mwezi ujao.